Jeki katafuna mpaka siti ya bodaboda, nimfanyeje huyu mbwa?

SWALI

Shikamoo anko. Mi naishi Goba, Dar, nina mume na watoto wawili, na mdogo wake mume wangu tunaishi nae, anaendesha bodaboda. Uani kuna kinyumba kidogo tumempangisha mzee mmoja na mke wake. Sasa jirani yetu alivunjiwa usiku wakabeba mpaka mtungi wa gesi, ndo mume wangu akaogopa akaleta kitoto cha mbwa, dume, chotara wa jemani shepedi na mbwa wa kienyeji, tukamwita Jeki. Hivi sasa ana kama miezi mitano.

Anko huyu mbwa anatafuna sijapata kuona. Alianza na ndala, tukasema aah utoto huo, nikampa ndala moja ya zamani iliyokatika kamba awe anachezea hiyo ili aache za watu. Wapi! Akahamia kwenye viatu vya shule vya mwanangu wa kwanza, kala kisigino chote, akaja kwenye nguo za kwenye kamba, shuka ikining'inia yeye anaidaka kwa chini anavuta mpaka kamba inakatika, akala mpira wa kumwagilia maua, akala mguu wa kiti cha barazani, na juzi ndo kaamkia siti ya bodaboda ya shemeji, kaichana katikati katoa sponji lote katawanya uwanja mzima, ukifungua mlango asubuhi unadhani kuna mtu kachinja godoro.

Shemeji ana hasira nae mpaka basi. Kila akikuta kitu kimeliwa anamshika shingo anamsugulia pua pale pale kwenye kile kitu halafu fimbo. Na Jeki anajua kabisa kama kakosea, manake ukitoka tu asubuhi unamkuta kalaza masikio, kajikunyata, macho anaangalia pembeni, ila kesho yake anarudia vile vile. Mi naona ni kiburi. Dada wa kazi nae akimuona kachukua kitu anamkimbiza, wanaizunguka nyumba weee mpaka dada anachoka anakaa chini.

Mchana tunamfungia bandani kwa sababu watoto wakitoka shule anawang'atang'ata mikono na kuwavuta sare, tunamfungulia saa nne usiku tukishafunga geti ili alinde. Chakula anakula jioni tukishapika, ugali na dagaa, na anamaliza mpaka sahani anailamba.

Kilichonifanya niandike ni makubadhi ya mzee mpangaji wetu, yale ya ngozi anayoendea msikitini Ijumaa. Kala mguu mmoja kauacha mmoja. Mzee hakusema neno, ila nilimuona mkewe anauosha ule uliobaki, mara saba, na mojawapo kwa udongo, mi nipo dirishani jikoni sijui hata niende nikaseme nini. Halafu jana katoa soksi ya mtoto kwenye beseni la nguo chafu, tukamkimbiza wote, akageuka nyuma ya banda, tulipomfikia mdomoni hana kitu na soksi haijaonekana mpaka leo.

Nimeambiwa nipake pilipili kwenye vitu, mwingine kasema shubiri kama ile wanayopaka wamama wakimwachisha mtoto ziwa, fundi wa geti kasema oili chafu ndo kiboko ya mbwa. Mume anataka tumfunge mnyororo moja kwa moja, shemeji anasema arudi alikotoka. Nifanye nini anko?

Mama wa wawili, Goba


JIBU

Marahaba mwanangu, poleni sana. Naanza na soksi kabla ya yote, viatu vinaweza kusubiri ila soksi haisubiri. Kama kaimeza, kuna wakati inapita yenyewe inatoka na mavi baada ya siku moja mpaka tatu, na kuna wakati inakwama kwenye utumbo, na ikikwama hapo ni operesheni. Mpigieni daktari wa mifugo leo hii, mwambieni mbwa ana ukubwa gani, soksi ni ya mtoto wa umri gani, na la sponji ya siti msilifiche manake hamjui kaila kiasi gani. Mavi yake muyachokonoe kwa kijiti, najua haipendezi. Akitapika zaidi ya mara moja, akigoma kula, akijikamua bila kutoa kitu, tumbo likiwa gumu au akilala tu bila ile furaha yake, msiseme kesho, mpelekeni saa hiyo hiyo. Msimnyweshe maji ya chumvi wala mafuta ya kupikia eti atapike, chumvi nyingi yenyewe inaweza kumuua, na mkiona uzi unaning'inia nyuma msiuvute, unaweza kumchana utumbo kwa ndani.

Haya, sasa tuje kwa Jeki mwenyewe.

Miezi mitano ndo penyewe. Mbwa anazaliwa kibogoyo, baadae yanaota meno ya utotoni 28, na kwenye miezi mitatu na nusu minne hivi yanaanza kung'oka moja moja kupisha ya ukubwani ambayo ni 42, shughuli inakuja kuisha karibu na miezi saba. Mshike akiwa katulia, mnyanyue mdomo wa juu kwa pembeni uangalie: utakuta fizi nyekundu imevimba, au pengo, au chonge mbili zimesimama pamoja, ya zamani nyembamba kama sindano na mpya inachomoza pembeni yake (zikiendelea kukaa pamoja hivyo mwonyeshe daktari, ya zamani huwa inatolewa). Mkifagia mnaweza hata kuokota kijino, ingawa mengi anayameza. Hizo fizi zinamuuma na kumuwasha na akitafuna anapata nafuu, kwa hiyo usitegemee ataacha, na hata meno yakishatulia bado ataendelea kutafuna mpaka avuke mwaka, ni ujana wake huo. Tunachoweza ni kumchagulia cha kutafuna.

Ila meno peke yake hayawezi kula siti ya bodaboda. Kilichonishtua kwenye barua yako ni ratiba ya huyu mtoto. Kutwa nzima yupo bandani hana cha kufanya, analala, anaamka, analala tena, halafu saa nne usiku nyie mnaenda kulala ndo yeye anafunguliwa ana nguvu zote za kutwa, yuko peke yake, uwanja mzima una viatu na nguo na siti zinazonuka watu anaowapenda, na hakuna wa kumwambia hapana mpaka asubuhi. Ulitegemea afanye nini? Na hiyo siti kwa pua ya mbwa ni karamu, ina jasho la shemeji, ina abiria wote wa siku hiyo, ina mafuta ya chips aliyobebewa mtu kwenye mfuko. Eti alinde! Mbwa wa miezi mitano halindi kitu, atabweka paka akipita basi, mbwa wa ulinzi anakomaa akili mwaka mmoja na nusu mpaka miwili. Mwizi akija leo Jeki atamletea ndala wacheze.

Kwa hiyo geuzeni. Usiku ndo alale bandani, na mchana ndo awe nje penye macho ya mtu. Mkifanya hili moja tu hata mengine msiposhika, vitu vinavyoliwa vitapungua sana, kwa sababu vyote ulivyonitajia ukitoa shuka na soksi naona vililiwa watu wakiwa wamelala. Banda liwe na kivuli, maji, mahali pakavu pa kulala na kitu cha kutafuna, na msilifanye jela ya kumtupia akikosea, mpeni chakula chake humo humo alipende. Asubuhi jua halijawaka mtu mmoja amtoe na kamba nusu saa, sio mbio, mwacheni anuse kila nguzo na kila jani anavyotaka, kunusa kunamchosha mbwa kuliko mnavyodhani. Jioni tena kidogo. Mbwa wa umri huu analala masaa mengi sana, anaweza kufika 18 kwa siku, kwa hiyo akishatembea akala akatafuna mfupa wake atalala mwenyewe na dada atafanya kazi zake kwa amani. Nani amtoe? Hapo ndo pagumu najua, mume aliyemleta aanze yeye.

Sasa hilo la kwamba anajua kakosea. Watu wote wenye mbwa wanaapa hivyo, na mwaka 2009 kuna mtafiti Marekani anaitwa Alexandra Horowitz alilipima. Mwenye mbwa anamkataza mbwa asile biskuti, anatoka nje, akirudi anaambiwa mbwa kala au hajala, na wakati mwingine anaambiwa uongo makusudi. Ile sura ya kulaza masikio na kukwepesha macho ilifuata mbwa amegombezwa au hajagombezwa, kula au kutokula biskuti hakukubadilisha kitu, na waliofanya sura hiyo zaidi ni mbwa ambao hawakula lakini wakagombezwa. Umeelewa hapo? Jeki anausoma uso wa shemeji, anasoma hatua zake na ile fimbo, anajua asubuhi shemeji akitoka mlangoni kuna kipigo, hana habari kwamba ni kwa ajili ya siti aliyoitafuna saa nane usiku. Anajikunyata kumwomba asimpige. Shemeji akiendelea atapata mbwa anayemuogopa, na mbwa muoga akikua anang'ata, na atamng'ata yeye au mtoto, ndo atarudishwa alikotoka kweli. Fimbo ikome leo. Ukimkuta muda ule ule kitu kiko mdomoni sema "aa-aa" kwa sauti ya kawaida, mpe chake. Ukikuta kimeshaliwa fagia nyamaza.

Halafu ile ndala uliyompa achezee. Mwanangu, mbwa hajui bei wala hajui ipi imekatika kamba, umemfundisha mwenyewe kwamba ndala ni chakula chake, kwa hiyo na makubadhi ni chakula chake, na viatu vya shule. Ichukue uitupe mbali. Hata matambara na soksi kuukuu watu wanavyofunga mafundo wakampa, mi siyapendi kwa sababu hiyo hiyo, baadae unashangaa anavuta shuka kwenye kamba.

Mpe nini sasa? Nenda bucha uombe mfupa wa goti la ng'ombe, mkubwa kuliko mdomo wake, mbichi, ule wenye gegedu laini kwenye vichwa. Anaguguna mtu akiwepo, kama dakika 20 hivi, unauchukua unaosha unaweka friza mpaka kesho, ukishakuwa mdogo wa kumezeka tupa, na mnawe mikono maana ni nyama mbichi hiyo. Mifupa iliyopikwa hapana, hasa ya kuku, inapasuka vipande vyenye ncha. Karoti nzima iliyoganda friza ni nzuri mno kwa fizi zinazouma na bei yake unaijua. Mpira mgumu wenye tundu, ule unaouzwa maduka ya mifugo, ujaze ugali uliochanganywa na dagaa uugandishe, hapo atahangaika nao nusu saa. Boksi la biskuti lililotupwa, tia dagaa kumi ndani, funga, mpe alichane atakavyo, uchafu wa makaratasi utafagiwa, ila muangalie asiyameze. Cha kupima ugumu ni kucha: ukikibonyeza kwa kucha ya dole gumba kikakataa kabisa kuingia hata kidogo basi kinaweza kumvunja jino. Vipande vya tairi msimpe, ndani kuna waya.

Dada wa kazi aache kumkimbiza. Kwa Jeki ule ndo mchezo bora kuliko yote hapo nyumbani, anaiba soksi ili akimbizwe! Na kibaya zaidi, mbwa anayenyang'anywa kwa nguvu kila akishika kitu anajifunza kukimeza haraka kabla hamjafika, na mi nadhani ndo kilichotokea nyuma ya banda. Mfundisheni kubadilishana. Anzeni na kitu chake mwenyewe, karoti kwa mfano. Akiwa nayo mdomoni usimkodolee macho, chuchumaa pembeni yake, peleka dagaa wawili mpaka puani, na pale anapofungua mdomo ndo useme "toa", anakula dagaa, wewe unashika karoti, halafu UNAMRUDISHIA karoti yake. Hapo kwenye kurudisha ndo penye siri yote, anaona kumbe kumpa mtu kitu hakuna hasara. Fanyeni kila siku kidogo kidogo, wote mtumie neno hilo hilo "toa", isiwe mmoja toa mwingine lete mwingine acha. Siku akija kubeba kiatu kweli utasema toa na atakiweka chini, na hapo mpe dagaa wa maana usimfanyie ubahili.

Na vitu viondoke chini jamani. Viatu vipande juu au viingie ndani, beseni la nguo chafu lifungwe bafuni, kamba ya nguo ipandishwe, bodaboda ilale nyuma ya mlango wa chuma kama pana nafasi. Angalieni mpira wa gesi kama jiko liko uani, na nyaya za umeme za pampu ya maji, maana hizo akizitafuna hamtaniandikia mimi tena.

Pilipili hapana. Mbwa wengine wanaizoea wanakula nayo, na ikimuingia machoni unampa mateso bure, na mtoto wako atashika pale pale ajisugue macho. Shubiri ndo kabisa, utomvu wake unamharisha mbwa. Oili chafu ni sumu, anailamba inaingia mwilini, na huyo fundi mwambie abaki kwenye mageti. Kama unataka kitu cha kupaka kwenye mguu wa kiti paka siki iliyochanganywa na maji, mbwa wengi hawaipendi harufu yake, inabidi urudie kila ikikauka, ila ni msaada tu hauwezi kushika nafasi ya hayo mengine.

Chakula. Mara moja kwa siku haimtoshi kwa umri huu, mpaka afike miezi sita ale mara tatu, baadae mara mbili. Ugali na dagaa sio mbaya ila dagaa wawe wengi wa kuonekana, ongeza miguu na vichwa vya kuku vilivyochemshwa na kutolewa mifupa, utumbo uliochemshwa, yai mara moja moja, na mabaki ya mboga yenye vitunguu usimpe. Kile kidogo mnachompa sasa mgawe na kuongeza. Mbwa mwenye njaa anatafuta.

Kung'atang'ata watoto ni mchezo wa utoto na fizi, wafundishe akianza wasimame kama mti, mikono kifuani, wasikimbie wala wasipige kelele, na mtu mzima ampe cha kutafuna. Ila niambie, kachanjwa? Hujasema kokote. Kichaa cha mbwa chanjo yake inaanza miezi mitatu na inarudiwa kila mwaka, ulizia ofisi ya mifugo ya kata, na karibu na tarehe 28 Septemba, siku ya kichaa cha mbwa duniani, mara nyingi wanachanja bure. Ya pavo na distempa, magonjwa mengine yanayoua watoto wa mbwa, nayo muulize daktari huyo huyo wa soksi, na dawa ya minyoo, na kabla hajakamilisha msimtoe barabarani, ile nusu saa ya kunusa aifanyie ndani ya geti. Mtoto akichubuliwa na jino hata kidogo osha kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15 umpeleke kituo cha afya, hata kama mbwa ni wenu.

Mnyororo mwambie mumeo hapana. Mbwa aliyefungwa kutwa kucha anakuwa mkali kwa kila mtu, akiwemo yeye, na ataanza kula mlango wa banda badala ya viatu.

Mzee wa watu muende wewe na mume wako pamoja, mumpe salamu, mumnunulie makubadhi mapya mazima sio hela mkononi, na mumwambie Jeki sasa atakuwa wapi saa ngapi ili ajue akitoka alfajiri kwenda msikitini hatakutana nae. Uani kwao pigeni wigo mdogo hata wa wavu wa kuku. Kwa imani yao mate ya mbwa ni najisi na ile kuosha mara saba ni kazi, mkewe kanyamaza kwa heshima tu.

Kumrudisha? Kwa haya niliyosoma mi sioni mbwa mbaya, naona mbwa mdogo aliyepangiwa zamu ya usiku. Lakini muulizane ukweli ndani ya nyumba, kama kweli hakuna hata mmoja wa kumtoa asubuhi na hakuna wa kukaa nae mchana, basi mtafutieni mtu mwenye shamba na muda sasa hivi akiwa bado mdogo, anachukulika. Akishafika mwaka na nusu ana kilo 30 na ameshazoea kupigwa, hakuna atakayemtaka.